Majaribio Ishirini na Moja Niliyoyawekea Tiki Tu

Kosa ni langu, ndugu msomaji. Nimetafuta mtu wa kugawana naye, sijapata!

Mimi na Nafula tulikuwa na karakana ndogo Bungoma. Tuliunda kile kisanduku kinachoongoza droni za kunyunyizia mahindi dawa. Yeye aliandika programu. Mimi nilinunua vipuri, na muuzaji akinitajia bei, ndiye hutoka jasho.

Kabla ya kupaisha droni, kisanduku hujaribiwa kwenye kompyuta. Kinadhani kinaruka kweli. Unakidanganya: upepo mkali, betri imekata, kipimo cha kimo kimesoma uongo. Halafu unaona kitafanya nini. Majaribio arobaini, kila moja nusu saa.

Nafula akaenda Webuye kumuuguza mamake. "Fanya yote, usiruke hata moja. Ijumaa tunapaisha Kitale."

"Ondoa shaka, bana!"

Hapo nikaanza kupatana na mimi mwenyewe kama niko sokoni! Arobaini ni mengi. Thelathini? Punguza kidogo. Tukaelewana kumi na tisa. Yaliyobaki nikayawekea tiki tu, ishirini na moja, nikazihesabu mara mbili zisipungue. Mjinga mimi!

Ijumaa, shambani Kitale, Nafula akasoma karatasi. "Umejituma, mzee wangu." Akasimama karibu na droni, kwa sababu karatasi ilisema ni salama.

Ikapaa vizuri. Manyunyu ya mvua yakaanza, maji yakaingia kwenye kipimo cha kimo. Droni ikaamini iko juu mno, ikashuka kwa kasi. Nafula akakinga uso kwa mkono. Propela ikamkata mishipa ya vidole viwili.

Hospitalini aliniuliza, "Namba ishirini na saba, ya kipimo cha kimo, ilipita?"

"Ilipita."

Hata hapo nilidanganya!

Alipotoka alilifanya jaribio hilo mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Droni ya kwenye kompyuta ikaanguka. Akarudia. Ikaanguka.

"Ati ilipita?"

Nikakiri sikulifanya.

"Si ungeniambia tu hujafanya? Ningesimama mbali."

Nimeomba msamaha, amenisamehe. Lakini kurudi karakana amekataa, na vile vidole havikunjiki mpaka leo. Heri angenitukana!

Wewe unayejaza fomu za majaribio ukiwa na haraka, kama hujajaribu, andika hujajaribu. Aibu yake ni ya siku moja. Kuna mtu atasoma tiki yako, aiamini, asogee karibu.