Taa ya Mpima Viwanja

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mpima viwanja wa mtaa wa Area D hufungua chumba cha uani na kukagua makopo tisa ya maziwa yaliyo chini ya taa moja. Humo amechomeka vijiti vya mzabibu, vya mwisho kutoka shamba la marehemu mama yake, shamba alilolikata viwanja kwa mkono wake mwenyewe. Nje hana pa kupanda; ua ni saruji tupu na ghorofa la jirani limemeza jua. Makopo ameyapanga kama mawe ya mipaka, safu tatu, futi mbili toka kopo hadi kopo, na vidole vyake vyenye sugu havichoki kuvuta futikamba, kopo lolote lisije likapunjwa mwanga.

"Shikamoo baba," Generosa, mpangaji wake, alimwambia siku moja kutoka mlangoni. "Kijiti cha katikati kinaungua, vya pembeni vinakufa njaa ya mwanga. Taa si kiwanja, haigawanyiki sawa. Ipandishe, uyasogeze makopo pamoja."

"Marahaba. Nikiyasogeza, mistari itapinda."

Juma lililofuata mpima alikubali. Akainua kopo la pembeni, akashika kijiti chake kisiyumbe, kikang'oka bila mzizi. Akajaribu cha pili, cha tatu, hadi cha tisa. Vyote vilikuwa vikavu. Akavirudisha udongoni kimoja kimoja, akachukua futikamba, akaanza kupima upya.