Firigisi ya Mzee Sadock

"Shangazi, Meneja alifunikaje sufuria?"

Nilikuwa darasa la tatu nilipomuuliza shangazi yangu Emerensiana swali hilo. Alinitazama, akanipa kiazi cha moto kilichojaa mdomo mzima, akasema, "Kula, Beatha." Nikala. Kiazi kikaisha, jibu halikuja.

Meneja alikuwa mbwa wake. Shangazi anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori pale Makambako, na nyumbani kwake Kitandililo sijawahi kukuta hakuna mbwa. Sisi watoto alitusemesha Kiswahili. Meneja alisemeshwa Kibena, kama mtu wa ukoo. Baba yangu, Filemoni, ambaye ni mdogo wake, alishapoteza viatu vitatu pale, vyote vya mguu wa kushoto. Jumapili Meneja alimfuata Shangazi kanisani, akalala chini ya benchi kwa heshima zote mpaka kwaya ilipopandisha sauti. Hapo naye alipandisha ya kwake. Shangazi alidai kwaya ilikuwa ikikosa sauti hiyo siku zote.

Sasa siku yenyewe. Wazee kutoka Makete walikuja kumposa dada Lukresia, binti wa Shangazi. Kiongozi wao alikuwa Mzee Sadock, baba mkubwa wa kijana. Alipoingia uani, Meneja akaenda kumnusa suruali, na Mzee akampiga teke la mbavuni.

"Kumbe hapa anayepokea wageni ni mbwa?"

Wageni wakacheka. Shangazi naye akatabasamu. "Karibuni sana, mzee," akasema, akarudi jikoni.

Kuku akaja mezani. Mzee Sadock akageuza mapaja, akageuza shingo, akachungulia chini ya mabawa. Sebule nzima tukawa tunamsaidia kutafuta kwa macho. Firigisi haikuwepo. Na mgeni mkubwa kukosa firigisi, tena siku ya posa, ni sawa na kuambiwa arudi alikotoka.

"Tumeelewa," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Baba akakimbilia jikoni, na mimi nyuma yake. Meneja alikuwa mlangoni, kipande cha mwisho kinaning'inia mdomoni. Ndani, sufuria lilikuwa limefunikwa vizuri, na jiwe juu ya mfuniko.

"Dada, mbwa huyu aondoke leo hii!"

"Filemoni, hili ni kosa lake la kwanza."

"Na viatu vyangu?"

"Vile vilikuwa vibovu."

"Basi chagua. Aondoke yeye, au posa ife."

Shangazi akaenda kupiga magoti mbele ya Mzee Sadock, akaomba radhi mpaka Mzee mwenyewe akaanza kuona aibu. Wakakubaliana: Shangazi apeleke Makete jogoo aliye hai, firigisi yake ikiwa ndani. Meneja asifukuzwe, ila afungwe kamba kwenye mparachichi wiki nzima, yeye ambaye hakuwahi kuonja kamba tangu azaliwe.

Ilikuwa Julai. Julai yetu mnaijua, ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Wiki ile Shangazi hakwenda kuuza chai. Alitoa kigoda, jiko la mkaa na mwavuli, akakaa chini ya mparachichi na mbwa wake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Majirani walipita wakimtania.

"Mama Lukresia, na wewe umefungwa?"

"Nimefungwa," anajibu, huku anamenya viazi.

Ndipo nilipomuuliza swali langu, nikapewa kiazi.

Lukresia aliolewa, sasa ana mapacha. Meneja alikufa mwaka jana kwa uzee, akazikwa chini ya mparachichi uleule. Shangazi alifunga biashara siku mbili, akasema ni mafua. Likizo hii, nikiwa kidato cha tatu, nilimkuta amekaa palepale na Karani, mtoto wa Meneja, anayetafuna kiatu cha Baba. Cha kushoto. Nikauliza tena, na safari hii nikakataa kiazi: mbwa gani anachagua firigisi, anaacha mapaja, halafu anarudisha jiwe juu ya mfuniko?

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Yule mzee alimpiga teke aliyempokea," akasema. "Nikaona firigisi imhamie aliyepigwa. Kisha akafungwa yeye kwa kosa langu, na mimi sikufungua mdomo. Sasa Beatha, ningekaaje ndani?"