Kikombe Kisichoonjwa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Kigali. Mbele yangu mama mmoja aliweka chupa ya maji kwenye kaunta. Maji hayo aliyachota kwenye chemchemi ya mtaa wao, chini ya kilichokuwa kiwanda cha kemikali. Yalikuwa maangavu kuliko yale ya dukani.

"Vyura wamenyamaza," alisema kwa upole. "Hata mbu hawatagi tena pale. Ng'ombe wetu ananusa, anarudi nyuma. Mufunge hiyo chemchemi, mutuletee bomba. Watoto wanakunywa."

"Mama, maji iko safi," afisa akamjibu. "Si unayaona?"

Mama akamimina kikombe, akamsogezea. "Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Nyinyi ndiyo munasema tunywe. Basi onja, mwanangu."

Afisa akatabasamu, akaangalia saa, kisha akakisukuma kikombe taratibu kwa ncha ya kalamu, mbali na vidole vyake.

Nimeshiriki midahalo mingi chuoni, lakini sijawahi kuona mtu akikubali hoja waziwazi hivyo bila kufungua mdomo. Kisha, kwa kalamu ileile, akaandika kwenye fomu ya malalamiko ya mama: maji ni salama.