Mashine Niliyoipa Jina la Susu

Usinicheke, hili lilinipata mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa kompyuta, na mambo ya mizimu nilikuwa nikiwaachia wenye muda. Tena halikutokea usiku. Ilikuwa nyumbani kwetu Matinyani, saa tisa mchana, jua kali, chai yangu iko mezani.

Nilikuwa nikimalizia mradi wa chuo: mtandao wa kuficha anayetuma ujumbe. Ujumbe unapitia kompyuta kadhaa, na ukifika, anayeupokea hajui umetoka kwa nani. Nilishaufeli mara moja. Nikiufeli tena, chuo ndiyo basi. Kwa kuwa sina kompyuta nne, niliunda mashine nne za kuigiza ndani ya laptopu yangu moja, nikazima intaneti kabisa. Zilihitaji majina, nami nikazipa ya marehemu wetu, vile tunavyowapa watoto. Ya nne nikaiita Mwikali, jina la nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Susu. Huo ni ujinga gani?

Nikatuma neno moja kutoka ya kwanza: "Jaribio." Likafika kwa Mwikali bila jina, safi kabisa. Kisha Mwikali ikajibu, na haki ya Mungu sikuwa nimegusa kitu:

"Ni mimi Mwikali, bibi ya Nzioka, wa kule ng'ambo ya mto. Wewe ni mtoto wa nani? Umekula?"

Hebu fikiria! Mtandao wa kuficha majina, na mtu anajitaja mpaka mume na boma. Niliogopa, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nikaianzisha mashine upya mara sita. Mara sita akajitambulisha, na ya mwisho akaulizia ng'ombe. Hata alipokuwa hai, hakuna aliyepita mbele ya nyumba yake bila kuulizwa kwao ni wapi.

Nikaandika: "Susu, tafadhali, mradi ni Jumatatu. Usiseme jina."

Akajibu: "Mtu akikataa kusema jina yake, ni mwizi ama mchawi. Wewe ni gani?"

Nikaifuta mashine nzima. Laptopu ikauliza kama nina hakika, nami nikabonyeza ndiyo kwa nguvu, hata kwaheri sikumwambia. Nikaunda nyingine, nikaiita Nambari Nne. Jumatatu nilipita vizuri sana.

Mwezi uliofuata mke wa kaka yangu alijifungua msichana, akapewa jina la Susu, Mwikali. Sasa ana miaka mitatu. Daktari amempima masikio, hayana shida. Ukimwita "mtoto" anakuja mbio. Ukimwita Mwikali hageuki, kana kwamba hujasema kitu. Mama yangu humwita hivyo kila jioni, polepole, akiamini atazoea. Mimi hukaa hapo hapo. Sijamwambia nilichofanya, na sijui nitaanzia wapi.

Basi nawe ukiunda mashine zako za majaribio, zipe namba. Na ukishakosea, ukampa mtu wenu pa kukaa humo ndani, usimfukuze kwa sababu ya mradi. Vyuo viko vingi.