Jemadari Aliyeachwa Mtaroni

Ukitaka kujua Chausiku Mwinjuma wa Mtoni Mtongani ameua watu wangapi, usimuulize mwenyewe, maana hesabu ilishampotea zamani. Muulize Theonest, mlinzi wa yadi moja ya magari kule Kinyerezi, anayesoma kila sura akiwa zamu na kuandika vifo vyote kwenye daftari la kusainia wageni. Mpaka sura ya arobaini Theonest alikuwa na askari elfu sita mia mbili na kumi na tisa, fisi wa kivita mia nne, na mfalme mmoja aliyekabwa na mwiba wa samaki katikati ya kikao cha amani. Wote hao Chausiku kawaua kwa simu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu kaiegemeza juu ya sufuria lililopinduliwa.

Hilo sufuria ndiyo kazi yake. Chausiku anakodisha vyombo vya shughuli: masufuria, viti, maturubai, majagi na sinia. Aoaye Mtongani anaolea vyombo vya Chausiku, na afaye watu wanakaa chini ya turubai la Chausiku. Kati ya mteja na mteja anaandika hadithi yake ya vita, Damu ya Marambo, na kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini anairusha kwenye kundi la watu mia mbili na kumi na wanne. Wazee wasioweza kusoma kwenye simu wanachapishiwa na Abuzar Remtulla, mwenye duka la steshenari pale kona, ambaye naye huwa anasoma kwanza kabla hajachapa, kisha anajifanya hajui kitakachotokea.

Watu walikuwa wanamuuliza vita kajifunza wapi, yeye ambaye hata manati hajawahi kushika. Swali la kijinga hilo. Anayeliuliza hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Temeke. Kaa wiki sita tu, uone upande wa bibi harusi unavyotuma wapelelezi upande wa bwana harusi. Uone mtu wa chakula anavyopinduliwa saa nne asubuhi na shangazi mtu, kufika saa sita shangazi naye kapinduliwa, na mwenyekiti anatabasamu kana kwamba hajui kitu. Chausiku alichofanya ni kuwavua madera akawavika deraya za chuma. Na kwa kuwa ameshalisha watu mia nne kwenye uwanja usio na maji, katika kitabu chake hakuna jeshi linalotoka kabla masufuria hayajapangwa. Vita vya Daraja la Mifupa, ambavyo Theonest anaviona bora kuliko vyote, ufalme wa Marambo ulishindwa kwa sababu wali uliungua.

Basi, huyo ndiye Chausiku. Sasa huwezi kumtaja bila kumtaja Shamimu.

Shamimu ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Waliingia mtaani mwaka mmoja, wote maharusi, wote hawajui hata kuwasha jiko la mchina, na tangu hapo ni miaka thelathini na moja ya ushoga wa kupeana hadi chumvi. Shamimu ndiye muosha maiti wa kike wa mtaa mzima, kazi aliyoirithi kwa mama mkwe wake. Marijani, mume wa Chausiku, alipohamia Kimbiji kwa mke mdogo, Shamimu alikuja na godoro lake akalala kwa mwenzie wiki nzima, kazi yake kumtukana Marijani, mpaka siku ya saba Chausiku akacheka. Watoto wa Chausiku, Twalib na wadogo zake, wameshaoa, kila mmoja na kwake. Ukimtoa Shamimu, kinachobaki ni wale watu mia mbili na kumi na wanne wa kwenye simu, na hao hata mgongo hawawezi kumkuna.

Kosa lilikuwa hili. Chausiku alihitaji mtu wa kumfungulia adui mlango wa mji, na kwa uvivu tu wa kutafuta mbali, akachungulia dirishani kwa Shamimu. Hapo akazaliwa Jemadari Mwanakombo: mwanya, mguu unaovuta kidogo siku za baridi, chafya tatu kila akinusa pilipili, na neno lake la kufungia mjadala, "nimeshasema mie." Mtaa mzima ulimjua. Katika sura ya arobaini, baada ya miezi minne ya kuzingirwa, Mwanakombo anafungua mlango wa mji ili mpwa wake aliyetekwa arudishwe hai. Mshale unamkuta hapo hapo mlangoni, anaanguka mtaroni, majeshi yanapita juu yake. Chausiku akamalizia kwa sentensi aliyoisoma mara tano kwa sauti, jinsi alivyoipenda: "Na mvua ikamnyeshea siku tatu."

Jumamosi yake bakuli lilirudi.

Ni bakuli alilopeleka maharage ya nazi siku mbili nyuma. Lilikuwa limewekwa kizingitini, limeoshwa linang'aa, na ndani hamna kitu. Kwa mgeni hilo ni bakuli safi. Kwa mtu wa pwani ni tangazo la vita, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa unatia hata limau, hata kijipande cha muwa. Chausiku alilipindua kama vile kitu kingeweza kuwa kimeganda chini. Baadaye wakakutana bombani. Shamimu, ambaye miaka yote salamu yake ni "we mwanamke bado upo tu," alisema, "Hujambo, Mama Twalib." Kwa adabu. Chausiku aliondoka bila kujaza ndoo.

Hakulala kwa amani, na mie simlaumu. Alijua kosa ni nini, au alidhani anajua: kamfanya mwenzie msaliti. Kuomba radhi mdomoni hawezi, hilo tumwachie, kila mtu na ulemavu wake. Lakini kalamu si ipo. Sura ya arobaini na moja ikatoka na habari kwamba Mwanakombo hakusaliti kwa akili zake; alinyweshwa dawa na jini wa wino. Chausiku akamwomba Abuzar achape nakala moja kwa herufi kubwa, akaipitisha chini ya mlango wa Shamimu. Haikusaidia. Wiki iliyofuata akapandisha dau: kumbe aliyefungua mlango hakuwa Mwanakombo bali pacha wake.

Kundi lilichafuka. Theonest aliandika ujumbe mrefu kuliko sura yenyewe, akihoji huyo pacha alikuwa wapi sura arobaini na moja, anakula wapi, na kwa nini kwenye daftari lake hayumo. Mwingine akasema bora angeambiwa ilikuwa ndoto. Watu tisa walijitoa kwa siku moja, jambo ambalo hata kifo cha mfalme hakikulisababisha. Abuzar, ambaye hawezi kumvunjia mtu heshima, alimwamkia shikamoo, akakohoa, akasema yeye si mtaalamu wa vita, ila labda mama apumzike kidogo.

Na Shamimu bado ni "hujambo, Mama Twalib."

Siku ya kumi na tisa Chausiku akashindwa. Alivaa ushungi, akazunguka ukuta, akapiga hodi kwenye mlango ambao hajawahi kuupigia hodi. Shamimu alikuwa ukumbini anachagua choroko. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Chausiku akakaa chini, akaanza kuchagua na yeye, na huku anachagua akamwaga yote: kwamba hakukusudia, kwamba usaliti ule ni wa kitabuni tu, kwamba jini yupo, na kama jini hafai basi pacha, na kama pacha hafai ataje mwenyewe anachotaka.

Shamimu alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Usaliti gani?" akasema. "Ningekuwa mie kweli, ule mlango ningeufungua siku ya kwanza. Mtoto wa dada yangu ateswe, mie nimekaa nalinda ukuta? Hapo uliandika vizuri, nililia."

"Sasa kosa nini?" Chausiku akauliza.

"Umeniacha mtaroni, Chausiku. Siku tatu. Mvua juu yangu. Watu wananiruka. Mie niliyemwosha mama yako, nikamwosha wifi yako, mtaa huu sijaacha mwanamke hata mmoja akalala vibaya. Halafu wewe, wewe wa kuniacha mtaroni."

Jambo lenyewe ndilo hilo, na sie wote tuliosoma sura ile hakuna aliyeliona. Maiti elfu sita zimetapakaa Marambo, na hakuna aliyewahi kuuliza nani anazika. Chausiku akaziacha choroko. Akarudi kwake, akamgomea mteja wa turubai, akaandika.

Sura ya arobaini na tatu haina upanga hata mmoja. Pacha anafutwa kwa sentensi moja fupi, bila maelezo. Vita vinasimama. Wanawake wa pande zote mbili wanashuka mtaroni, wanamtoa Jemadari Mwanakombo chini ya tope, na Malkia wa Marambo, aliyesalitiwa, anakunja mikono ya joho lake na kumwosha kwa mikono yake mwenyewe. Adui wanaleta sanda. Askari wa pande zote wanapokezana jeneza mpaka makaburini, na wakirudi wanakula chungu kimoja kabla ya kuanza kuuana upya.

Theonest alilalamika kwamba sura nzima hana cha kuandika daftarini, kisha baada ya nusu saa akaongeza kwamba imebidi atoke nje ya kibanda, vumbi limemwingia machoni. Wale tisa walirudi, na wakaja na wengine wanne.

Jumamosi asubuhi Shamimu aliingia kwa Chausiku bila hodi, ana karatasi za Abuzar mkononi, zimechorwa kwa kalamu nyekundu kama mtihani wa darasa la nne.

Hakusema ahsante. Alianza na ukurasa wa kwanza. Huyu Malkia kaanza kuosha upande wa kushoto, nani kamwambia; mtu anaanzwa kulia. Kafuri imemwagwa mwanzoni wakati kafuri ni maji ya mwisho. Majani ya mkunazi hayapo kabisa, Marambo nzima hakuna mkunazi? Kitambaa cha kumsitiri hakikutajwa, ina maana Jemadari amekaa wazi mbele ya majeshi mawili. Halafu Malkia anaosha na pete zake zote vidoleni, na kwa jinsi anavyosugua, hapo Shamimu alivua miwani, "umeniosha kama sufuria la pilau."

Chausiku angeweza kucheka. Badala yake akasema ukweli ambao miaka thelathini na moja hakuwahi kuutamka, kwamba hajui kinachofanyika mle ndani. Anaogopa. Kila msiba yeye anashusha vyombo, anafunga turubai, anakimbilia jikoni kupuliza moto. Hata siku ya mama yake alikuwa uani, anakoroga uji ambao hakuna aliyeuagiza.

"Najua," Shamimu akasema. "Unadhani sikukuona?"

Alikunja zile karatasi polepole.

"Mwanangu ni mwanaume na yuko Mwanza. Dada yangu hajiwezi. Hawa wasichana wa siku hizi wanachungulia mlangoni wanatoka mbio. Mtaa mzima nawaosha mie. Sasa siku nikienda mie?" Akamkabidhi karatasi. "Sitaki mtu wa kuja kunijaribia. Nataka wewe."

Mwanamke aliyeangamiza majeshi matatu bila kuinuka kitini alilikalia lile sufuria lililopinduliwa.

Jumatano iliyofuata alifariki mama yake fundi baiskeli Anwar, bibi mdogo wa mwili aliyekuwa ameshasahau hata umri wake. Chausiku alishusha viti, akashusha masufuria, akafunga turubai, akafunga tena fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. Alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni aliposikia mlango wa ndani unafunguliwa. Shamimu hakumwita. Alisimama tu pale mlangoni, mikono imekunjwa hadi viwikoni, anamtazama.

Chausiku akavua pete. Akaingia.

Chumba kilinukia udi na majani ya mkunazi. Bibi alikuwa amelazwa, amesitiriwa kwa shuka, mdogo kuliko alivyokuwa akionekana barazani. Hakikutokea chochote cha kuogopesha. Shamimu akampa kopo, akamwonyesha upande wa kulia, akamwambia amwage kidogo kidogo, asikurupuke, huyu hana haraka tena. Nusu ya maji yakaingia kwenye kiatu cha Chausiku. Akamwaga tena. Safari hii yakaenda yanakotakiwa.

"Hivyo hivyo," Shamimu akasema, huku akipitisha mkono wake taratibu begani mwa bibi. "Ila mie maji yangu uyapashe moto kwanza. Baridi siiwezi."

"Nitayapasha," Chausiku akasema, machozi yanamtiririka, akachota kopo la tatu.