Maharage Yaliyoshika Chini

Wivu naujua, msinifundishe. Ulinikaa kooni miezi mitatu kwa sababu ya sufuria ya maharage, na mimi ni mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wa kuheshimika.

Mama alipofariki, mdogo wangu, fundi bomba, alizoea kuja kwangu kila Jumapili mchana. Nilimpikia maharage ya mama, vitunguu vilevile, nyanya zilezile, chumvi mwisho kabisa. Alikula, akalegeza mkanda, akasinzia kwenye kochi langu. Tulibaki wawili tu, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa nyumbani kwetu.

Kisha akaoa. Jumapili moja hakuja, ya pili hakuja. Nikampigia simu.

"Utanisamehe, dada," akasema. "Mke wangu anapika maharage kama ya mama. Kama ya mama kabisa."

Huyu karani wa posta, wa juzi tu, asiyejua hata kumenya kitunguu? Mama hakuwahi kumwona! Roho iliniuma mpaka nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, gauni la bibi harusi wa watu.

Nikaenda kula huko huko kwao, nijionee. Kijiko cha kwanza tu nikakiacha mdomoni. Yalikuwa ya mama. Nikasingizia pilipili, nikafuta macho.

Tulipomaliza, wifi akanivuta jikoni, uso umemshuka.

"Wifi, nisitiri. Yanashika chini kila siku. Nikishabandika naenda dirishani kupiga soga na jirani, nikirudi yameungua. Mdogo wako anajikaza tu, maskini, ananisifia. Nifundishe."

Nikachungulia sufuria. Chini nyeusi tii. Hapo nikamwona mama, kiwiko dirishani, anacheka na jirani yake, na sisi watoto tunamwita kwamba kunanuka moshi. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nachunga moto, nakoroga, nalisahihisha kosa la mama, halafu nashangaa kwa nini yangu hayafanani na yake.

Ningemwambia tu, acha hivyohivyo. Maneno mawili. Lakini kijicho kilikuwa kimenishika pabaya. Nikakunja mikono ya gauni, nikamfundisha kwa moyo mmoja: moto mdogo, mwiko mkononi, usibanduke hapa. Sufuria nikaisugua mwenyewe mpaka ikang'aa. Nilijua yakishakuwa maharage ya kawaida, mdogo wangu atarudi kwangu.

Jumapili iliyofuata tukakaa mezani watatu. Wifi alipakua huku anajizuia kutabasamu. Mdogo wangu akaonja, akaonja tena polepole, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

"Matamu," akamwambia mkewe. Kisha akanigeukia. "Yamekuwa kama yako, dada."

Hakuomba kuongezewa. Mimi nami, niliyekuja na hamu ya wiki nzima ya yale ya mama, nilibaki nayazungusha kwenye sahani.

Jirani akaita dirishani. Wifi akamjibu akiwa amekaa palepale, kwa maringo kidogo.

"Siku hizi sina nafasi ya soga, shoga yangu. Wifi amenifundisha kupika."