Picha za Nyumba ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Watoto wawili aliowalea ndio walioanza kumwita hivyo, wakipiga kelele getini kila wakirudi shule, na jina likamganda. Watoto wenyewe walikuwa wa mdogo wake wa kiume. Wakakua, wakaenda zao, naye akabaki na jina lake ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, yenye veranda ndogo mbele na ua nyuma.

Nyumba ilikuwa ya mdogo wake, hilo halina ubishi. Aliipandisha mpaka kwenye bati, halafu akapata kazi mji wa mbali. Wakati huo Shangazi alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, anakaa kwenye chumba cha wafanyakazi. Mdogo wake akamfuata. "Dada, njoo ukae, unilelee na watoto wamalize shule huku. Nyumba ni yako, fanya utakavyo." Watu husema maneno kama hayo huku wanapapasa funguo mfukoni. Shangazi aliyapokea mazima mazima, kama yalivyotoka. Akarudisha funguo za chumba cha hospitali, akahama na kitanda chake na sufuria zake, akakaa miaka kumi na tisa.

Na alifanya alivyotaka, jamani! Alikuta kuta za saruji tupu, ukiziegemea zinakuchuna kiwiko. Kila alipopata likizo alishika ukuta mmoja. Aliuziba nyufa, akausugua kwa msasa mpaka kucha zikaisha, akaupaka rangi. Hakufundishwa na mtu. Ukuta wa kwanza ulitoka mabaka matupu, na jirani yake Fundi, mama mmoja mshona nguo mwenye ulimi usio na breki, alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, huu ukuta una ugonjwa wa ngozi!" Shangazi naye akacheka, kesho yake akausugua wote akaanza upya. Akajifunza kuchovya brashi nusu tu. Akajifunza kuchanganya rangi kwenye kifuniko cha kopo na kuiacha ikauke kabla ya kuiamini, maana rangi mbichi hudanganya.

Mapazia aliyashona kwa mashuka ya hospitali yaliyotupwa, ambayo msimamizi wake alimruhusu ayachukue. Aliyachemsha na majani ya chai mpaka yakawa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, akayatia marinda. Kuzunguka sebule yote, chini ya dari, alipiga mstari wa majani ya kijani kwa kipande cha boksi alichokitoboa na sponji aliyoichovya rangi. Fundi aliwahi kujaribu kuyahesabu yale majani, akafika mia mbili akaomba maji ya kunywa.

Sikukuu ikikaribia aliacha brashi akashika mwiko. Oveni yake ilikuwa kuukuu, mlango haufungiki, anaukazia kwa kigoda. Zabibu alizilowesha wiki nzima kwenye chai ya rangi na maganda ya chungwa, akazipaka unga kabla ya kuzitia ili zisizame chini. Kopo la kuokea alilizungushia magazeti yaliyokunjwa, keki isiungue pembeni. Biskuti alizikata kwa umbo la jani, akazitia sukari laini ya kijani kwa ncha ya karatasi iliyosokotwa. Akagawa nyumba kwa nyumba. Watu walimwambia auze, naye akawajibu kwa ukali kidogo: "Nikiuza itakuwa kazi. Kazi nimeshaifanya."

Alipostaafu, ile nyumba ndiyo ikawa maisha yake yote. Hakuolewa, hakujenga. Akiulizwa atazeekea wapi, alishangaa kama ameulizwa jina lake. Atazeekea hapa, wapi tena?

Basi mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mwaka ule, mdogo wake alipiga simu. Alikuwa na sauti ya haraka. "Dada, sikukuu hii tunakuja. Tunataka tuzungumze habari ya nyumba."

"Habari gani ya nyumba?"

"Tukija, Dada. Tukija tutazungumza."

Simu ikakatika, na roho ya Shangazi ikapanda juu ikakaa huko. Akavuka kwenda kwa Fundi, akamkuta anafumua suruali.

"Wakisema wanataka kuzungumza habari ya nyumba," Fundi alisema bila kuinua macho, "wewe anza kufunga vyombo."

"Mdogo wangu hawezi. Nimembeba mgongoni yule."

"Nimesikia. Funga vyombo."

Shangazi hakufunga vyombo. Alikuja na akili nyingine kabisa, na hapa ndipo anaponiuma mimi ninayesimulia, kwa sababu kila nikiifikiria ile akili naona hata mimi ningeifuata. Alijiambia kwamba nyumba ikiwa na mkono wake kila mahali, juu na chini, ndani na nje, hakuna binadamu mwenye haya atakayesimama katikati yake amwambie ondoka. Wataona. Wataona aibu. Watazungumza habari nyingine.

Kwa hiyo alianza upya nyumba nzima. Sebule aliipaka rangi ya ganda la yai, mara tatu. Majani ya kijani aliyarudia moja moja, shingo imekakamaa, amesimama juu ya meza iliyo juu ya mkeka ili isiteleze. Viti alivivua nguo akavivika nyingine. Jikoni alibandika vipande vya vigae vilivyovunjika, akavipanga mpaka vikawa ua lililochanua. Bafuni alitundika kioo alichokizungushia fremu ya mbao aliyoipaka mwenyewe. Veranda aliisugua mpaka ungeona aibu kuikanyaga.

Na kila alipomaliza kitu, alikipiga picha. Ndiyo ilikuwa desturi yake tangu watoto wamfundishe simu: kwanza picha ya kabla, halafu picha ya baada, amesimama kwenye kona juu ya kigoda ili chumba chote kiingie. Akazituma kwenye kundi la familia. Miaka yote mtu mmoja mmoja alikuwa akijibu kwa kidole gumba, mambo yakaishia hapo. Safari hii wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye kwa kawaida alimsalimia kama anayelipia kila neno, aliwaka kama taa.

"Wifi yangu! Una mikono ya dhahabu!" Maua, mioyo, makofi. "Piga na jikoni basi."

Shangazi akapiga jikoni.

"Jamani wifi! Na bafuni? Mlango wa nyuma je? Ua unaonekana? Piga asubuhi, mwanga uingie."

Akapiga asubuhi, mwanga ukaingia. Akatandika kitambaa kipya mezani, akaweka keki ya majaribio katikati, akapiga na hiyo. Akaenda kumwonyesha Fundi simu, mashavu yamemjaa. "Umeona? Wifi amenipenda."

Fundi aliisoma ile mistari yote polepole. "Shangazi, huyu anakuvika kilemba cha ukoka."

"Wewe huna jema," Shangazi alisema, akachukua simu yake akaondoka amenuna. Kwa siku nne hawakusalimiana.

Siku ya kuamkia sikukuu keki ilitoka saa saba mchana. Ilikuwa imeumuka sawasawa, haikupasuka juu, na zabibu zilikuwa zimetawanyika mpaka kileleni. Wageni walisema watafika saa nane. Shangazi alioga, akavaa gauni la bluu, akapanga sahani nne mezani, ya nne kwa sababu mdogo wake alisema huenda wakaja na mgeni mmoja. Saa nane na dakika chache hodi ikapigwa.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, nadhifu, miwani kifuani, mkoba mkononi. Alijitambulisha kuwa mwalimu mkuu mpya wa sekondari ya pale, amehamishiwa mjini wiki iliyopita, anaishi nyumba ya wageni. "Wenye nyumba wamenipigia, gari lao limepata pancha njiani. Wamesema nitangulie tu. Wewe ndiye mtunzaji?"

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. "Karibu ndani, mwalimu," alisema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema.

Mwalimu mkuu akaingia, akasimama katikati ya sebule, akatoa simu. Akaangalia simu, akaangalia ukuta. Akaangalia simu, akaangalia viti. "Ni kama kwenye picha kabisa," alisema kwa furaha. "Mara nyingi picha zinadanganya. Ngoja, huku ni jikoni, kule bafuni yenye kioo, na mlango ule unatoka uani. Sivyo?" Alitembea nyumba nzima bila kuonyeshwa njia. Shangazi alimfuata nyuma, chumba hadi chumba. Kichwani mwake zile picha zilipita moja moja, na mioyo ya wifi chini ya kila moja.

"Unahamia lini?" aliuliza hatimaye.

"Mwezi ukianza. Mkataba tumeshasaini. Kusema kweli nilikuwa na nyumba mbili za kuchagua, lakini baada ya kuona picha hizi nikasema hapana, ni hii. Na nikaambiwa mtunzaji anabaki, kuna chumba uani, na kwamba anajua kuoka." Mwalimu mkuu alitabasamu kwa wema. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Harufu hii inathibitisha."

Kile chumba cha uani kilikuwa stoo ya mkaa.

Shangazi alikaa kwenye kiti alichokivika nguo juzi. Bado alikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa dogo. Alijiambia: huyu mama ameelewa vibaya. Mdogo wangu akifika atasema. Nyumba hata kama imekwenda, imekwenda, lakini atasema mimi ni nani.

Gari likasimama nje. Mdogo wake aliingia na mikono michafu ya tairi, wifi nyuma yake na mifuko. Kabla hawajasalimiana, mwalimu mkuu aliinuka. "Poleni na safari. Mtunzaji wenu amenipokea vizuri mno. Mna bahati kumpata mtu kama huyu."

Shangazi alimtazama mdogo wake machoni. Maneno yalikuwa matatu tu: huyu dada yangu. Hata mtoto angeyasema. Mdogo wake alitazama mikono yake michafu, akatafuta kitambaa mfukoni, akaanza kuifuta kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo," alisema. "Ni mtu mwaminifu sana. Yuko nasi miaka mingi."

"Mwambie mimi ni nani," Shangazi alisema.

"Tutazungumza."

"Mwambie!" Meza ilitikisika, kumbe alikuwa ameipiga. "Nimekubeba mgongoni, nimekulelea watoto, nimekupakia rangi kuta zako! Mtunzaji? Mtunzaji, na mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja?"

"Dada yangu, tafadhali, mbele ya mgeni..."

"Ahaa! Sasa ni dada yako."

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akavua. Wifi ndiye aliyepata sauti kwanza, nayo ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto aliyevunja kikombe. "Wifi, mbona unajikasirisha bure? Tungekutupa tungekuja kukuambia? Si umewekewa chumba? Wewe huna pa kwenda, sisi tunajua, ndiyo maana tukamwomba mwalimu akupokee. Na kusema ukweli bila zile picha zako tusingempata mpangaji wa maana. Umetusaidia sana."

Alikuwa anashukuru. Walahi alikuwa anashukuru kwa moyo wake wote.

Mwalimu mkuu alimgeukia Shangazi, uso umemshuka. "Mama, nisamehe. Sikujua." Akajikuna shingo. "Ila... vitu vyote vya ndani si vinabaki kama vilivyo?"

"Vyote vinabaki," alijibu mdogo wake.

Shangazi alitoka na kitanda chake na sufuria zake, zile zile, siku tatu baada ya sikukuu. Fundi alimsaidia kubeba, na hakusema hata mara moja kwamba alimwonya, jambo ambalo kwa ulimi ule lilikuwa kazi nzito. Keki waliiacha mezani. Watoto aliowalea walipiga simu mmoja baada ya mwingine, wakalia, wakasema baba amekosea, wakaahidi kuja, na mpaka leo hawajaja.

Siku hizi amepanga chumba kimoja nyuma ya soko, kwenye safu ya vyumba vinane vinavyofanana. Kuta zina madoa ya moshi wa mpangaji aliyetangulia. Dirisha amelifunika kwa gazeti. Taa inaning'inia kwenye waya mtupu, na nguo zake ziko kwenye boksi. Fundi humtembelea kila Jumapili. Mwezi uliopita alishindwa kuvumilia, akaja na kopo la rangi ya ganda la yai na brashi mpya kabisa, akaviweka sakafuni.

"Nimechoka kukuona humu kama mfungwa. Inuka tupake hata ukuta mmoja. Mimi nitashika ngazi."

Shangazi aliliangalia kopo muda mrefu. Akaangalia mlango kama uko wazi, akainuka akaufunga, akarudi akasema kwa sauti ya chini.

"Mwenye nyumba akikiona chumba kimependeza, atanitoa."

Fundi akaliokota kopo lake, akaenda nalo nyumbani.